Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu James Herriot, yule daktari wa mifugo wa Yorkshire

Tangu nianze kuwasumbua watu na vitabu vya huyu mzee naulizwa maswali yaleyale, kwenye daladala, msibani, hadi kanisani, kwa hiyo nimeona bora niyajibu yote sehemu moja nipumzike. Mi sio mtaalam wa fasihi wala sio daktari wa mifugo, nimekulia tu kwenye nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Rungwe, na nadhani ndo maana hivi vitabu vilinishika.

Huyu Herriot ni nani kwani?

Jina lake halisi ni James Alfred Wight, wa karibu walikuwa wanamwita Alf. Kazaliwa Sunderland, Uingereza, Oktoba 1916, ila kakulia Glasgow kule Uskoti, yaani mtoto wa mjini kabisa, mambo ya zizi kayajulia ukubwani. Kasoma udaktari wa mifugo hapohapo Glasgow, kamaliza Desemba 1939, na 1940 akapata kazi Thirsk, kamji kadogo chenye soko huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Akaambiwa anakuja kusaidia, akakaa maisha yake yote. Katikati hapo alienda jeshi la anga wakati wa vita ila afya ikamrudisha nyumbani. Kafariki Februari 1995 akiwa na miaka 78, na majivu yake yakatawanywa kwenye vilima vya hukohuko.

Sasa kama anaitwa Wight, Herriot katoka wapi?

Hii napenda. Zamani madaktari wa mifugo Uingereza walikuwa hawaruhusiwi kujitangaza, na ukiandika kitabu kwa jina lako wenzako wangeweza kusema unajipigia debe upate wateja. Kwa hiyo akahitaji jina la kujifichia. Siku moja yuko mbele ya tivii anaangalia mpira, Birmingham City na Manchester United, golikipa wa Birmingham anadaka balaa, anaitwa Jim Herriot. Basi, jina likapatikana. Mamilioni ya watu duniani wanalijua jina la golikipa bila kujua kama ni la golikipa.

Vitabu vyenyewe vinahusu nini?

Kijana ametoka chuo na vyeti vyake, anafika kwenye mji unaoitwa Darrowby (usiutafute kwenye ramani, kaubuni kwa kuchanganya Thirsk na miji mingine ya jirani), anaajiriwa na daktari mmoja mwerevu ila kichwa maji anaitwa Siegfried, wanaishi nyumba moja na mdogo wake Siegfried anaitwa Tristan ambaye anafeli mitihani na anapenda bia. Afu kila sura ni safari moja: simu inalia, ng'ombe hazai, farasi kavimba mguu, mbwa kala kitu, anaingia kwenye kigari chake kibovu anapanda mlima. Ndo hivyo tu. Hakuna mauaji wala siri ya ukoo, na bado unakesha nacho.

Kinachekesha nini hasa? Mi nimesoma kurasa kumi sijacheka.

Haya, kaa hapa kidogo, manake hili ndo swali lenyewe.

Chukua sura ya kwanza kabisa. Usiku, baridi, theluji inapenya mlangoni. Daktari wetu kavua shati, kalala kifudifudi kwenye sakafu ya mawe, uchafu na maji maji kila mahali, mkono umezama kwa ng'ombe mpaka begani, anatafuta kichwa cha ndama kilichokunjamana kwa ndani. Kila ng'ombe akisukuma mkono unabanwa mpaka unakufa ganzi. Na pembeni kasimama mjomba wa mwenye ng'ombe, mikono mitupu, anavuta kiko chake taratibu, kazi yake ni kumsifia daktari MWINGINE. Yule fulani asingefanya hivyo. Yule fulani ana mashine. Yule fulani angekuwa kashamaliza. Masaa yanaenda. Mwisho ndama anatoka, mzima, anapumua, daktari anasimama hata mgongo haunyooki, anajiona shujaa. Mwenye ng'ombe anauliza vipi, kinywaji kidogo? Jamaa moyo unalainika, anaona kumbe hawa watu wana utu, anajibu kwa heshima zote kwamba angefurahi sana kupata kinywaji. Mfugaji anashangaa. Alikuwa anaulizia kinywaji cha ng'ombe.

Umeona alipoweka kichekesho? Kajiwekea mwenyewe kichwani. Daktari ndo msomi hapo, ana cheti, kaokoa uhai wa viumbe wawili usiku mmoja, na bado anaondoka kachoka, kachafuka na kiu yake. Waandishi wengi wa mjini wakienda shamba wanawacheka wanakijiji, lafudhi yao, ushamba wao, dawa zao za kienyeji. Herriot wale wafugaji anawachora walivyo, wabahili, wabishi, wana imani za ajabu (kuna waliokuwa wanaamini ng'ombe akilegea ni mdudu kaingia mkiani, tiba yake ukate mkia), lakini mara tisa kati ya kumi anayeanguka kwenye kinyesi ni daktari. Na anayeshindwa kujibu swali ni daktari. Ukishamzoea unaanza kucheka kabla, unaona kabisa anavyoingia zizini na suruali safi unasema haya, leo tena.

Afu kuna upande wa matajiri. Kuna mama mmoja mjane, Bi Pumphrey, marehemu mumewe alitajirikia kwenye bia, ana kambwa kadogo ka aina ya Pekingese kanaitwa Tricki Woo. Kambwa kanalishwa keki, malai na chokoleti mpaka kanashindwa kutembea. Daktari anaitwa "Anko Herriot", kambwa kanamwandikia barua, kanamtumia kapu la vyakula vya bei mbaya Krismasi, na siku moja Herriot alikosea akamshukuru mama badala ya mbwa basi mama akanuna, ikabidi aandike barua upya kwa jina la mbwa! Mbwa alipozidiwa kwa unene Herriot akamchukua wakakae naye pale kliniki. Tiba yake? Maji, asile kitu siku mbili tatu, afu acha akimbizane na mbwa wenzake uani. Kakapona fasta. Ila mama huku nyuma kaingiwa na huruma anatuma mayai mabichi ya kumjenga mgonjwa, afu mvinyo wa kuongeza damu, afu brandi. Madaktari wetu asubuhi wanakula mayai mawili mawili, mchana mvinyo, usiku wanazunguka moto na brandi, na kila siku wanaripoti kwamba mgonjwa anaendelea vizuri lakini bado kidogo. Kama hapo nako hujacheka basi sawa, hatuwezi kupenda vitu sawa.

Mbona wengine wanasema vimewaliza?

Kwa sababu vinaliza. Na hapa ndo nagombana na watu wanaosema ni vitabu vya kupunguza mawazo tu.

Kuna mzee mmoja mjane anaishi peke yake, mbwa wake ana saratani ameshavimba tumbo, hakuna la kufanya zaidi ya kumlaza kwa sindano. Mzee anamshikilia mbwa, inaisha, anauliza kiasi gani daktari, Herriot anasema usijali, nilikuwa napita tu. Ameshatoka nje yuko barabarani, mzee anamkimbilia na kitu mkononi, limebaki kutoka sherehe ya miaka na miaka huko, limechakaa: siga moja, ile sigara nene ya vigogo. Ndo alichokuwa nacho. Sura ni fupi, kurasa chache tu, na iko karibu kabisa na sura za kuchekesha hata hujajiandaa.

Au ile ya Blossom, ng'ombe mzee wa mfugaji maskini anayeitwa Dakin. Kiwele kimeshuka kinaburuza chini, anakanyagwa chuchu na wenzake, hana faida tena, Dakin anakubali kumuuza kwa bei ya nyama. Mswagaji anakuja kumchukua na kundi. Daktari bado yuko bandani na Dakin wakasikia kwato barabarani. Blossom katoroka kundi, kapita njia ya mlimani peke yake, kaingia bandani moja kwa moja hadi sehemu yake aliyolala miaka yote, kasimama anasubiri nyasi. Mswagaji anakuja mbio anahema kumdai. Na Dakin, mtu ambaye kila senti ina maana kwake, anasema hapana, amerudi nyumbani, atanyonyesha ndama. Afu anaona haya kwa kusema vile, anajikoholesha anaanza kuongea mambo mengine.

Sasa ukitoa hizi huzuni, zile za kuchekesha zinakuwa vituko vya bure. Unacheka kwa sababu unajua huyu anayeteleza kwenye matope jana yake alishika kichwa cha mbwa wa mtu mpaka pumzi ya mwisho. Mwenyewe Wight maisha yake hayakuwa ya kucheka tu, karibu mwaka 1960 alipata sonona kali hadi akatibiwa kwa umeme hospitalini, na vitabu vyote hivi vya furaha kaviandika BAADA ya hapo. Mi nikijua hilo nazisoma tofauti kabisa.

Ni za kweli au katunga?

Katikati. Matukio mengi yalitokea kwa yeye au kwa wenzake, ila majina kabadilisha, miaka kasogeza. Kitabuni anafika Darrowby miaka ya 1930 mwishoni, kiuhalisia kafika Thirsk 1940, na baadhi ya visa ni vya miaka ya 1950 na 1960 vilivyorudishwa nyuma ili viwe kwenye ile dunia ya farasi wa kulimia, kabla trekta halijaingia. Mkewe kitabuni anaitwa Helen, binti wa mfugaji. Kwa ukweli anaitwa Joan, na alikuwa katibu muhtasi kwenye kinu cha nafaka. Mwanae Jim, naye daktari wa mifugo, alitoa kitabu cha maisha ya baba yake 1999 kinapanga kipi ni kipi.

Ila cha kushangaza, kile ambacho ungedhani katunga ndo cha kweli. Fungate lao! Walioana Novemba 1941, wakaenda kijiji kinaitwa Carperby, na huko huko fungateni bwana harusi akawa anapiga ng'ombe sindano za kupima kifua kikuu na bibi harusi anaandika namba za masikio kwenye daftari. Hao ndo walivyoanza maisha.

Na Siegfried na Tristan je?

Wapo. Siegfried ni Donald Sinclair, mwenye kliniki, Tristan ni mdogo wake Brian. Brian alifurahi kuwa Tristan, kitu kama zawadi. Donald hakupenda alivyochorwa, ilimkera haswa, na familia ya Wight inasema kitabuni alipunguzwa makali, wa kweli alikuwa zaidi. Mtu anayekwambia jambo hili ni muhimu usisahau kamwe, kesho yake anakukemea kwa kulifanya. Kila aliyewahi kuwa na bosi anamjua huyu mtu. Bado Donald na Wight walifanya kazi pamoja miaka hamsini hivi na wakafa mwaka mmoja, kwa hiyo mambo ya marafiki mengine tuwaachie wenyewe.

Alianzaje kuandika akiwa mzee?

Miaka mingi kila akirudi kazini anamwambia mkewe hiki kisa ntakiweka kwenye kitabu changu. Mkewe siku moja akamjibu kwamba mtu wa miaka 50 ambaye hajaanza hataanza tena. Maneno ya mke yakamchoma, akanunua karatasi, akaanza kugonga taipu jioni sebuleni huku familia inaangalia tivii. Mwanzo aliandika hadithi za mpira zikakataliwa, na nyingine zikakataliwa. Kitabu cha kwanza, If Only They Could Talk, yaani laiti wangeweza kusema, kikatoka 1970 na hakikutikisa kitu. 1972 mchapishaji mmoja wa Marekani akaunganisha viwili vya mwanzo kuwa kimoja, akaomba mwisho uwe na harusi, kikaitwa All Creatures Great and Small. Hapo ndo balaa likaanza.

Na nadhani umri ulimsaidia. Kijana wa miaka 24 akiandika alivyoaibishwa na mfugaji ataandika kwa hasira au atajitetea. Wa miaka 50 ameshasahau maumivu kabaki na picha tu, yule mjomba na kiko chake.

Kiingereza chake nitakiweza?

Masimulizi ndio, mepesi tu. Kinachosumbua ni wafugaji wakiongea, manake kawaandika na lafudhi yao ya Yorkshire. Ukijua kwamba nowt ni "hamna kitu", summat ni "kitu fulani", aye ni "ndio" na tha ni "wewe", umemaliza nusu ya kazi. Soma kwa sauti, usisome kwa macho. Mi nilivyoanza kuigiza sauti za wazee ndo nikaelewa, na jirani akaja kuuliza kama naumwa.

Nianze na kipi?

All Creatures Great and Small. Usianzie katikati.

Na ile ya kwenye tivii?

Tamthilia zilizotokana na vitabu zipo mbili kubwa. Ya BBC ya 1978 hadi 1990, na mpya iliyoanza 2020. Ya zamani ina Siegfried bora kuliko wote, Robert Hardy, sibishani na mtu. Mpya ni nzuri kwa macho, milima ile na kuta za mawe, ila wamelainisha mno kila mtu, hata zizi linaonekana limepigwa deki.

Hivi udaktari wake una maana yoyote leo? Si mambo ya kale?

Ni ya kale na ndo utamu wake. Alianza kazi wakati kabatini kuna machupa ya dawa zenye majina marefu ambazo nyingi hazikutibu chochote, akafika mwisho antibayotiki imebadilisha kila kitu, na anakiri kabisa kwamba ile miaka ya kubahatisha ilikuwa na raha yake. Lakini mengine hayajabadilika hata kidogo. Homa ya maziwa mfano: ng'ombe kazaa vizuri, kesho yake kalala hainuki, shingo kaipinda ubavuni, unamwekea kalsiamu na baada ya muda anasimama anatembea kama hakuna kilichotokea. Herriot anasema hiyo ndo tiba inayompa daktari sifa kuliko zote. Muulize bwana mifugo yeyote wa kwenu, atakwambia hivyohivyo, na atakwambia pia kuhusu ugonjwa wa kutupa mimba ambao Wight mwenyewe uliwahi kumpata kutoka kwa ng'ombe ukawa unampandisha homa mara kwa mara. Mikono mitupu ile tunayocheka ilikuwa na gharama.

Alitajirika akaacha kazi?

Aliuza makumi ya mamilioni ya nakala, akapewa na nishani ya OBE 1979, na bado akawa anaamka usiku kwenda kuzalisha ng'ombe miaka kadhaa. Kodi ya Uingereza wakati ule kwa wenye kipato cha juu ilifika asilimia 83, matajiri wengi walikimbilia nchi nyingine, yeye kakataa kuhama. Watalii wanajaza kliniki wanataka sahihi, na wafugaji wake wao hawana habari, wanataka tu kujua anakuja saa ngapi. Ile nyumba, 23 Kirkgate, sasa ni makumbusho tangu 1999.

Watoto wasome?

Wasome, kuna hata alivyowaandikia wao. Ila wanyama wanakufa humo, kaa karibu.

Mfugaji wa kawaida wa huku kwetu ataelewa hayo mambo ya Wazungu na theluji?

Nilijaribu. Mjomba wangu kule Rungwe amefuga ng'ombe wa maziwa miaka zaidi ya thelathini, baridi ya kule na ukungu anavijua vizuri, na ng'ombe kushindwa kuzaa saa nane usiku mvua inanyesha anavijua zaidi. Nikakaa naye jioni moja nikamsimulia ile sura ya kwanza kwa Kiswahili, neno kwa neno karibu. Pale kwenye mkono kubanwa akawa anashika mkono wake mwenyewe. Pale kwa yule mzee wa kiko akacheka sana, akanitajia jirani yetu mmoja kwa jina, akasema ni yuleyule, usiku ule wa mtamba wetu alisimama hapohapo mlangoni na tochi anamulika kila mahali isipokuwa panapotakiwa, anamsifia bwana mifugo aliyehamishwa.

Basi nikafika mwisho, ndama kazaliwa, daktari kachoka, kinywaji, afu kumbe ni cha ng'ombe. Nikasubiri acheke. Kimya. Ananiangalia tu kama kuna kitu nimeruka.

"Sasa ulitaka nani aanze kunywa?" akaniuliza. Afu baada ya muda: "Na hayo maji walimpa ya uvuguvugu au ya baridi?"